Nukta Kwenye Ramani: Programu za Kufuatilia Familia Zinavyofanya Kazi

Programu ya kufuatilia familia huwaonyesha watu wa nyumba moja mahali kila mmoja alipo, kwenye ramani moja, bila yeyote kupiga simu. Mzazi aliyeko Ngoliba, mashariki mwa mji wa Thika, hufungua simu yake na kuiona nukta ya binti yake ikisogea kwenye barabara kuu kuelekea chuoni Juja au Ruiru. Baadhi ya programu hizo zimeundwa kwa kazi hiyo tu, kama Life360 iliyoanzishwa Marekani. Nyingine ni sehemu ya programu kubwa zaidi: Find My ya Apple, Google Maps iliyoongeza huduma hiyo mwaka 2017, na WhatsApp, ambayo tangu mwaka huohuo humwezesha mtu kuonyesha anakopita kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwa familia nyingi za Kenya hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu, kwa kuwa WhatsApp tayari imo kwenye simu na wenyewe wameizoea.

Nukta hiyo huaminiwa kuliko inavyostahili. Ni taarifa ya makadirio, tena inayohusu simu, na mara nyingi ni ya dakika kadhaa zilizopita. Anayetaka kujua ni lini aitegemee na ni lini aitilie shaka hana budi kuifuata safari yake, kuanzia angani hadi kwenye kioo cha simu yake.

Safari huanza na GPS, mfumo wa setilaiti za Marekani. Setilaiti hizo hazipungui 24, na kwa kawaida zinazofanya kazi hukaribia 30. Huizunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza bila kukoma mambo mawili: iko wapi, na ni saa ngapi. Mawimbi yake husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde na kuifikia simu baada ya takriban sekunde 0.07. Simu hupima ucheleweshaji huo na kuugeuza kuwa umbali, kama vile mtu anayehesabu sekunde baina ya radi na ngurumo ili ajue mvua iko mbali kiasi gani. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya simu si sahihi kama saa za atomiki zilizomo ndani ya setilaiti, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Ndiyo sababu huhitajika setilaiti ya nne ya kusahihisha saa. Simu za siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri setilaiti zinavyoongezeka ndivyo hesabu inavyokaa sawa. Hadi tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia. Leo simu ya kawaida iliyo mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi.

Setilaiti haimwoni mtu yeyote. Hutangaza tu, kama kituo cha redio, na haijui nani anasikiliza. Hesabu yote hufanyika ndani ya simu. Kwa hiyo simu isiyo na bando hata kidogo bado inaweza kujua ilipo. Kinachoishinda ni kumwambia mtu mwingine.

Mawimbi hayo ni dhaifu mno yanapofika ardhini. Paa la mabati huyapunguza sana, sakafu mbili tatu za zege huyamaliza, na kati ya majengo marefu hugonga kuta na kufika yakiwa yamechelewa, hivyo nukta ikaruka hadi mtaa wa pili. Hapo simu hutafuta msaada kwingine. Huangalia mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu na kuilinganisha na orodha kubwa ambazo Google na Apple wamezikusanya kwa miaka mingi kuhusu mahali mitambo hiyo ilipo. Huangalia pia ni minara ipi ya kampuni ya simu inayosikika.

Tofauti kati ya mji na mashamba ni kubwa hapa, na pengine si ile ambayo wengi wangeitarajia. Katika mitaa ya Ruiru yenye maghorofa yaliyobanana, setilaiti huonekana kwa shida, lakini Wi-Fi zimejaa, na simu iliyo ndani ya nyumba hupata makadirio ya makumi ya mita. Ngoliba ina anga pana. Nje shambani GPS hufanya kazi vizuri kuliko katikati ya mji. Mtu akishaingia ndani ya nyumba ya mabati, hata hivyo, hakuna cha kushika nafasi ya GPS, kwa sababu Wi-Fi za majirani ni chache na minara ya vijijini husimama mbali mmoja na mwingine. Simu ikibaki na mnara mmoja pekee, makadirio yanaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Mtoto aliyelala kwao anaweza kuonekana yuko ng'ambo ya mto Athi, upande wa Machakos chini ya Kilimambogo, na wala hajatoka.

Programu nyingi hukiri shaka hii kwa kuchora duara la rangi hafifu kuizunguka nukta. Duara dogo maana yake simu ina hakika. Duara linalofunika nusu ya kata maana yake simu inabahatisha. Hii ndiyo alama yenye manufaa kuliko zote kwenye ramani hiyo, na ndiyo isiyotazamwa. Duara kubwa huweza pia kutokana na uchaguzi wa mwenye simu: tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, mtu anaweza kuiruhusu programu ijue eneo kwa jumla tu, si mahali hasa.

Simu ikishajua ilipo, hutuma taarifa kupitia data hadi kwenye seva za kampuni yenye programu, nazo huipeleka kwa wanafamilia. Taarifa yenyewe ni nyepesi, namba chache tu. Kinacholamba bando ni kufungua ramani na kuitazama. Bando likiisha, mtandao ukipotea au chaji ikikatika, hakuna kinachotumwa, na ramani huendelea kuonyesha mahali pa mwisho palipojulikana. Nukta iliyosimama kando ya barabara ya Garissa inaweza kumaanisha kwamba matatu imeharibika, abiria ameshuka, au gari limeingia mahali pasipo na mtandao na sasa liko mbali. Kinachotenganisha maana hizo ni maandishi madogo yanayosema taarifa ilipokelewa lini. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria, hupita mita 22 kila sekunde. Taarifa ya dakika 5 zilizopita imeachwa nyuma kwa zaidi ya kilomita 6.

Ucheleweshaji mwingi hutoka kwenye betri. Kupima mahali bila kupumzika hunyonya chaji, kwa hiyo watengenezaji wa mifumo ya simu wamezibana programu zisizo wazi kwenye kioo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, programu iliyo nyuma hupewa mahali mara chache tu kwa saa, isipokuwa iwe imeweka ilani ya kudumu inayoonekana na mwenye simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, mwenye simu hutakiwa kutoa ruhusa ya pekee ili programu ijue mahali wakati wote, hata akiwa haitumii. Simu nyingi za bei nafuu huenda mbali zaidi na kuzima kabisa programu zilizo nyuma ili chaji ifike jioni. Familia inayolalamika kwamba programu imegoma mara nyingi ingepata dawa kwenye mipangilio ya betri ya simu ya mtoto, wala si kwa kubadilisha programu.

Programu hizi hutoa pia arifa mtu anapofika au kuondoka mahali fulani. Mzazi huchora mviringo kuzunguka shule au nyumba, na simu ya mtoto hutoa taarifa inapouvuka. Google huwashauri waundaji wa programu wasiufanye mviringo huo uwe na nusu-kipenyo kilicho chini ya mita 100 hadi 150, na arifa yenyewe huchelewa kwa dakika mbili tatu au zaidi. Kwa shule iliyo kando ya barabara kuu, mtoto aliyepita na gari bila kushuka anaweza kuhesabiwa kuwa amefika.

Kuna mpaka mwingine usioweza kuondolewa na fundi yeyote: kinachofuatiliwa ni simu. Shule nyingi za Kenya haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo kwa mtoto wa bweni programu hizi hazina kazi hadi likizo. Nyanya mwenye simu ndogo ya kabambe hayumo kwenye ramani, maana simu hiyo haina GPS wala programu. Ni kampuni ya simu pekee inayoweza kukadiria alipo kwa kutumia minara. Kijana asiyetaka kuonekana huacha simu kwa rafiki, au hutumia programu ya kughushi mahali, jambo ambalo Android huliruhusu kwa ajili ya majaribio ya wataalamu. Vifaa vidogo vya kufunga kwenye mkoba, kama AirTag iliyotoka mwaka 2021, havina GPS wala laini. Hutegemea simu za iPhone za wapita njia kuvisikia kwa Bluetooth na kupeleka taarifa. Jijini Nairobi wapita njia hao wapo. Kwenye njia ya shambani kifaa hicho kinaweza kukaa kutwa bila kusikiwa.

Mwisho ni suala la nani mwingine anaijua njia ya mtoto. Mwezi Desemba 2021 chombo cha habari cha Marekani, The Markup, kilifichua kwamba Life360 ilikuwa ikiwauzia madalali wa data taarifa za mahali walipo watumiaji wake, wakiwemo watoto. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba ingeacha kuuza data ya mahali hasa. WhatsApp, kwa upande wake, hufunga taarifa hizo kwa usimbaji ambao hata yenyewe haiwezi kuusoma. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Idhini ya mzazi haihusu watu wazima: mume anayeweka programu kwa siri kwenye simu ya mkewe, au mke kwenye ya mumewe, anaingilia haki ya mwenzake, na madhara yake huweza kuwa mazito kuliko jambo lililomtia wasiwasi. Apple na Google walitambua hatari ya kufuatiliana kwa siri kwa vifaa kama AirTag, na tangu Mei 2024 simu za kampuni zote mbili humwonya mtu ambaye kifaa cha aina hiyo kisicho chake kinasafiri naye.

Mtu akipotea kweli, nukta ya mwisho ina thamani, mradi ichukuliwe mapema. Picha ya kioo ionyeshe ramani, duara na saa ya taarifa, kisha ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi asubiri saa 24 kabla ya kuripoti. Kwa mtoto, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo. Rekodi za minara haziko mikononi mwa familia. Hutolewa na kampuni ya simu kwa wapelelezi wanaofuata utaratibu wa sheria, na saa iliyoandikwa kando ya nukta ya mwisho huwaonyesha waanze kutafuta wapi, na tangu lini.