Ukitaka kuchangia Wikipedia ya Kiswahili, anzia kwenu

LIKIZO iliyopita nilikuwa nyumbani Lubao, kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Mjukuu wangu, aliyemaliza kidato cha nne, alinijia na simu mkononi. “Kuka,” akaniita, maana hivyo ndivyo tunavyomwita babu huku kwetu, “mbona ukitafuta mambo ya huku kwa Kiswahili hupati kitu cha maana?”

Nikamjibu kwa majivuno ya profesa: “Kama hakuna, nitaandika mimi.” Usiku huo nikaandika aya tatu za kuingiza katika Wikipedia ya Kiswahili. Nilisema soko la Lubao ni maarufu mno, linapendeza, na dunia nzima inalijua kwa biashara yake ya mbwa. Asubuhi nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Sawa kuka, lakini ni nani alisema?”

Swali hilo ndilo ninalowauliza wanafunzi wangu wa uzamili kila wanaponiletea sura za tasnifu. Sasa niliulizwa mimi, kibarazani kwangu, nikakosa jibu. Tangu siku hiyo nimetaka kuwaeleza wasomaji wa safu hii jinsi mtu anavyoanza kuchangia kamusi elezo hii, na kwa nini wapenzi wa Kiswahili hatuna budi kuanza.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafunguliwa mwaka 2003. Huandikwa na watu wa kujitolea. Yeyote anaweza kuongeza, kurekebisha au kuondoa maneno, na yeyote mwingine anaweza kuyarudisha. Hakuna mshahara, wala hakuna jina la mwandishi chini ya kichwa cha makala.

Jumuiya ya waandishi wanaokutana kwa maandishi tu si jambo geni katika Kiswahili. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi wa miji mbalimbali uwanja wa kutungiana na kujibizana. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha humo. Hata hivyo, malenga wa Mambo Leo alitia jina lake chini ya shairi, na mhariri ndiye aliyeamua lipi litoke. Katika Wikipedia jina halionekani kwenye makala na kila mchangiaji ni mhariri wa mwenzake. Kwa sisi wasomi tuliozoea kuhesabu machapisho yetu, hilo ni tonge gumu kumeza.

Basi mgeni aanzie wapi? Aanze kwa kusoma, kisha afungue akaunti kwa jina la kweli au la kubuni. Baadaye atafute makala yanayohusu mahali au jambo analolijua. Mengi atakuta ni mafupi, na chini yake pana maelezo kwamba makala hayo bado ni “mbegu”. Neno hilo limenipendeza. Makala ya sentensi mbili hayachekwi, yanahesabiwa kuwa yamepandwa na yanangoja mkulima.

Pili, aanze na kitu kidogo. Juu ya ukurasa pana neno “hariri”. Abonyeze hapo, arekebishe upatanisho wa sarufi uliokosewa, au aongeze mwaka uliosahauliwa, kisha aandike kwa maneno machache alichobadilisha na kwa nini. Kazi hiyo inafanyika kwa simu ya kawaida. Anayekimbilia kuandika makala ya kurasa kumi siku ya kwanza hukata tamaa upesi, kwa sababu hajajua desturi za nyumba aliyoingia.

Tatu ni lile swali la mjukuu wangu. Kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa: kitabu, gazeti, ripoti ya serikali, utafiti wa chuo kikuu. Nikiandika kwamba Kaunti ya Kakamega ina watu wengi sana, sijasema kitu. Nikiandika kwamba sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti hiyo, nikaonyesha ripoti ya sensa yenyewe, nimemsaidia msomaji. Zile sifa zangu za “kupendeza” na “dunia nzima” zilikuwa za mwenyeji anayejisifia kwao. Kamusi elezo haitaki sifa wala lawama. Pia haitaki mtu ajiandike mwenyewe, au aiandike kampuni anayoifanyia kazi.

Nne ni lugha, na hapa ndipo safu hii inapohusika hasa. Siku hizi ni rahisi kuchukua makala ya Kiingereza, kuyapitisha kwenye mashine ya kutafsiri na kuyabandika. Matokeo tunayajua: soko “linacheza jukumu muhimu” katika uchumi. Soko halichezi! Lina mchango mkubwa, au linategemewa na wakazi, basi. Kabla ya kuhifadhi sentensi, isome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuona ile ya Kiingereza. Akikunja uso, ivunje uiunde upya.

Uzembe wa aina hii una gharama. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Scotland, yaliandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa bado mtoto, kwa nia njema, akichukua maneno ya Kiingereza na kuyapachika tahajia ya Kiskoti. Miaka ikapita kabla wenye lugha kupiga kelele. Mwenye lugha asipoandika, ataandikiwa, na atakayemwandikia huenda asiijue. Jambo hilo lina uzito zaidi leo, kwa kuwa programu za akili bandia hujifunza lugha kutokana na maandishi ya aina hii. Kiswahili kibovu tutakachokiacha humo kitarudishwa kwa watoto wetu kana kwamba ndicho sanifu.

Mchangiaji wa Kenya atakumbana pia na Kiswahili cha majirani. Sisi shuleni tumefunzwa “makala haya”, ilhali kwenye Wikipedia atakuta sana “makala hii”, kama wanavyoandika Watanzania wengi. Sisi tunapenda “tarakilishi” na “rununu”, wenzetu wanasema “kompyuta” na “simu ya mkononi”. Ushauri wangu ni kwamba usivamie makala ya mwenzako kwa kalamu nyekundu. Chagua neno linaloeleweka Mombasa, Dodoma na Bukavu, ulitumie hilo hilo tangu mwanzo hadi mwisho wa makala. Palipo na neno jingine linalotumika sana, litaje mara moja kwenye mabano.

Tano, ukubali kurekebishwa. Kila ukurasa una historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Una pia ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko kwa kuuliza mambo kwa adabu. Sentensi yako ikiondolewa, usirudishe kwa hasira. Uliza sababu, lete chanzo, andika upya. Wako pia wasimamizi waitwao wakabidhi, wenye uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu. Nao ni watu wa kujitolea kama wewe, hivyo jibu likichelewa, vumilia.

Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Lilileta makala mengi kwa muda mfupi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, shamba halipaliliwi kwa zawadi ya msimu mmoja. Kamusi elezo inahitaji mtu arudi kila juma, hata kama ni kwa sentensi moja.

Sasa nirudi Lubao, kwa maana kuna jambo bado linaniwasha. Habari za soko letu la mbwa zimeandikwa mara kadhaa magazetini, kwa hiyo tuna vyanzo vya kusema kwamba soko hilo lipo na watu huja kununua mbwa wa kulinda boma. Lakini wazee wanajua mengi zaidi: namna mnunuzi anavyomkagua mbwa, maneno ya mapatano, desturi za kumpeleka mbwa kwenye boma jipya. Ujuzi huo haujachapishwa popote ninapopajua. Kwa kanuni za Wikipedia, mzee mwenyewe si chanzo, hata awe amekaa sokoni maisha yake yote.

Mwanzoni kanuni hiyo ilinikera. Nilipotulia nikaona kosa si la kanuni. Ni letu sisi tuliosoma. Ikiwa tumekaa vyuoni miongo mitatu na soko lililo mlangoni petu halina hata utafiti mmoja wa Kiswahili wa kunukuliwa, tutamlaumu nani? Kwa hiyo kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuwasikiliza wazee na kuchapisha wanayosema kwenye majarida, magazeti na vitabu, kwa idhini yao. Ya pili ni kuyapeleka hayo yaliyochapishwa katika kamusi elezo, ambako mtoto wa shule atayapata bila kulipia kitabu.

Mimi na mjukuu wangu tuliketi tena jioni ile. Zile aya tatu tukazikatakata, zikabaki sentensi mbili: moja ya kusema Lubao iko wapi, nyingine ya kutaja soko, na kila moja na chanzo chake. Yeye ndiye aliyeandika, mimi nikamsomea kwa sauti. Neno langu moja alilikataa, akasema hakuna kijana atakayelielewa. Nililitetea kwa dakika kumi hivi, kisha nikamwachia.

Juma lijalo ananipeleka sokoni na daftari, tukamsikilize mzee mmoja anayeuza mbwa. Wewe je, msomaji, huko kwenu kumeandikwa nini, na ni nani aliyeandika?