Dalili za neva za sindromu ya antifosfolipidi

Sindromu ya antifosfolipidi (huitwa pia ugonjwa wa Hughes) ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga, badala ya kupambana na vijidudu tu, unatengeneza kingamwili zinazofanya damu igande ndani ya mishipa ambako hakuna jeraha. Donge la damu linaweza kutokea popote mwilini, lakini ubongo ni kati ya viungo vinavyodhurika zaidi. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengine huanza kuugua kwa kiharusi, kifafa, maumivu makali ya kichwa au usahaulifu, kabla ya mtu yeyote kushuku kwamba tatizo liko katika damu.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa ujana au utu uzima wa kati. Unaweza kutokea peke yake au pamoja na ugonjwa mwingine wa kinga, hasa lupusi.

Historia

Kingamwili hizi zilijulikana kwanza kupitia vipimo vya kaswende. Mwaka 1941 Mary Pangborn wa Marekani alitenga kutoka moyo wa ng'ombe dutu aliyoiita kardiolipini, ambayo ni aina ya fosfolipidi, yaani mafuta yanayojenga utando wa seli. Dutu hiyo ilitumika kupima kaswende, lakini baadhi ya watu, hasa wenye lupusi, walipata jibu la kuwa na kaswende ilhali hawakuwa nayo.

Mwaka 1952 Lockard Conley na Robert Hartmann walieleza kwamba damu ya wagonjwa wawili wa lupusi ilichelewa kuganda maabara. Kitu kilichosababisha hali hiyo kikaja kuitwa kizuia mgando cha lupusi. Jina hilo linapotosha: katika tyubu ya maabara kinachelewesha damu kuganda, lakini katika mwili wa binadamu kinaendana na kuganda kupita kiasi. Mwaka 1983 daktari Graham Hughes na wenzake mjini London waliunganisha kingamwili hizi na mabonge ya damu, kuharibika kwa mimba na magonjwa ya ubongo.

Jinsi ubongo unavyodhurika

Kingamwili hizi hushika hasa protini ya damu inayoitwa beta-2 glikoprotini I, ambayo hujibandika kwenye fosfolipidi za seli. Hapo huchochea ukuta wa ndani wa mishipa na chembe sahani, na damu inakuwa tayari kuganda. Hata hivyo mtu anaweza kuwa na kingamwili kwa miaka mingi bila kuugua. Mara nyingi kinahitajika kichocheo cha pili, kama vile upasuaji, maambukizi, uvutaji wa sigara, ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mshipa wake ukizibwa, seli za neva huanza kufa baada ya dakika chache. Tena, si dalili zote zinazotokana na kuziba kwa mishipa: inaonekana kwamba kingamwili zinaweza pia kuvuruga kazi ya seli za neva moja kwa moja.

Dalili

Katika utafiti wa wagonjwa 1,000 wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002, takriban mmoja kati ya watano alikuwa amepata kiharusi, na idadi kama hiyo walikuwa na kipandauso. Dalili kuu za neva ni hizi:

* Kiharusi: udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, au kushindwa kusema. Kiharusi kwa mtu wa chini ya miaka 50 asiye na shinikizo la damu wala kisukari ni sababu nzuri ya kupima kingamwili hizi.
* Kiharusi cha muda mfupi: dalili zilezile zinazotoweka zenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Kupona haraka hakuondoi hatari, kwani kiharusi kamili kinaweza kufuata.
* Kuganda kwa damu katika vena za ubongo: maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, kutapika, kuona ukungu na degedege.
* Kifafa: katika utafiti uliotajwa kiliwapata asilimia 7.
* Kupungua kwa kumbukumbu na umakini: mgonjwa hukosa maneno au hushindwa kufuata mazungumzo. Viharusi vidogo vingi vinaweza kuishia katika demensia.
* Korea: mikono, miguu au uso kuchezacheza bila mtu kukusudia. Ni dalili adimu, na mara nyingine huonekana wakati wa ujauzito.
* Kuvimba kwa ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo: miguu hupooza na mkojo hushindwa kudhibitiwa. Hii pia ni adimu.

Mwaka 1965 daktari wa ngozi Mwingereza Ian Sneddon alieleza wagonjwa wenye kiharusi pamoja na michirizi ya zambarau inayofanana na wavu kwenye ngozi. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo wana kingamwili hizi. Kwenye ngozi nyeusi michirizi hiyo ni vigumu zaidi kuonekana.

Utambuzi

Ugonjwa huu unaweza kudhaniwa kuwa kifafa cha kawaida, kipandauso au sklerosisi ya sehemu nyingi, kwa kuwa hata picha za MRI zinaweza kufanana. Historia ya mgonjwa husaidia sana: mimba zilizoharibika, mguu uliovimba kwa damu kuganda, au upungufu wa chembe sahani.

Damu hupimwa kizuia mgando cha lupusi, kingamwili dhidi ya kardiolipini, na kingamwili dhidi ya beta-2 glikoprotini I. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi kama malaria, kaswende na VVU yanaweza kuleta kingamwili za muda zisizosababisha ugonjwa.

Matibabu

Hakuna dawa ya kuondoa ugonjwa kabisa, lakini mabonge mapya yanaweza kuzuiwa. Mgonjwa aliyekwisha kupata donge la damu kwa kawaida hupewa warfarini kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote. Kipimo cha INR huonyesha kama dozi inatosha. Lengo la kawaida ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda, juu yake hatari ya kutokwa damu inaongezeka. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupewa aspirini pia.

Mboga za majani kama mchicha na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Si lazima kuziacha, ila kiasi kinacholiwa kisibadilikebadilike. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, na dawa za mitishamba, zisitumiwe bila kumwuliza daktari.

Warfarini inaweza kudhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayetarajia kubeba mimba hubadilishiwa dawa. Kwa kawaida hupewa sindano za heparini pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Hata hivyo kuacha dawa ghafla bila ushauri ni hatari, kwa sababu mabonge yanaweza kurudi.

Dalili za kiharusi zikitokea, mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na anayetumia warfarini anaweza asiruhusiwe kuipata. Kwa hiyo anayempeleka ataje saa dalili zilipoanza na dawa zote anazotumia.