Koti la mtumba: Lipige upepo kabla ya kumfunika mtoto

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapobana Njombe, Makete, Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro, meza za mitumba hujaa makoti. Ukipita Memorial pale Moshi, au Karume jijini Dar es Salaam, utayakuta ya sufu, ya turubai na yenye kofia. Katikati yake huwamo pia yale mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya askari wa Ulaya na Marekani, pamoja na mablanketi ya kijivu na buti za ngozi. Ni vitu imara, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Hatuandiki haya ili uache kununua. Mtumba umewavisha wengi wetu tangu utoto. Tunachotaka ujue ni mambo ya kufanya kati ya siku unayonunua koti na siku unayolivaa, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga.

Kabla ya afya, tuanze na sheria. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, hata kama zimetoka nchi nyingine. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa wote wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kwa hiyo koti lenye mabaka ya kijeshi liache mezani, hata la mtoto. Chagua la rangi moja lisilofanana na sare.

Harufu ya kabatini

Sasa linuse koti lako. Nguo nzito, hasa za sufu, huliwa na nondo. Ndiyo maana waliokuwa nazo kabla yako, au waliozihifadhi ghalani kwa miaka, huenda waliziwekea vile vidonge vyeupe vya mviringo tunavyoviita naftalini. Harufu yake kali unaijua. Wengi wetu huichukulia kuwa harufu ya usafi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, harufu hiyo huishia kumuumiza kichwa au kumtia kichefuchefu. Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi wavulana, na ni wa kawaida katika maeneo ambayo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, yakiwamo ya kwetu. Mtoto wa aina hiyo huonekana mzima kabisa. Lakini akivuta hewa yenye naftalini, au ikimwingia kupitia ngozi, chembe zake nyekundu huanza kupasuka.

Chembe zikipasuka kwa wingi, mtoto hupungukiwa damu na kupata manjano. Manjano yakizidi, sumu iitwayo bilirubini huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au kupona akiwa amepoteza uwezo wa kusikia, au akiwa na mtindio wa ubongo. Madaktari wa watoto nchini Nigeria wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliofikishwa hospitali wakiwa na manjano makali baada ya kuvalishwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini.

Kuna jambo jingine ambalo mama wengi hulifanya kwa upendo. Tunamwogesha mtoto, tunampaka mafuta mwili mzima, kisha tunamfunika. Naftalini huyeyuka kwenye mafuta, hivyo ngozi iliyopakwa inaweza kuipokea kwa wepesi zaidi. Blanketi lenye harufu hiyo lisimguse.

Chawa na upele je?

Hofu ya wengi kuhusu mitumba ni wadudu, na hofu hiyo ina historia yake. Katika vita vya zamani, homa ya tifasi, ambayo si taifodi, iliua askari wengi sana. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, alithibitisha kuwa tifasi huenezwa na chawa wa mwili. Aligundua kwamba wagonjwa waliambukiza watu mpaka walipofika mlangoni pa hospitali. Wakishavuliwa nguo na kuogeshwa, hawakuambukiza tena wodini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Chawa wa mwili hukaa kwenye mishono ya nguo, na hutoka humo kwenda kunyonya damu.

Hata hivyo, fikiria safari ya belo. Hukaa majini kwa wiki kadhaa. Chawa wa mwili akikosa damu hufa ndani ya wiki moja hivi, na mdudu wa upele hawezi kuishi nje ya ngozi ya mtu zaidi ya siku 2 au 3. Kwa hiyo anayeweza kukuletea upele ni yule aliyelijaribu koti jana sokoni, kabla yako. Ukijaribu nguo, ijaribu juu ya nguo yako, na usiivae kutoka sokoni kwenda nayo nyumbani.

Buti nazo zina jambo lake. Fangasi wa miguuni huweza kudumu ndani ya kiatu kwa miezi. Toa soli ya ndani uitupe, sugua ndani kwa maji ya sabuni, kisha anika mpaka zikauke kabisa. Vaa na soksi safi kila siku. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni asinunue buti ngumu zilizokwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine. Zitamchubua asijue, na kidonda cha mguu kwake ni hatari kubwa.

Fanya hivi ukifika nyumbani

1. Usiliingize koti chumbani. Litundike nje penye upepo na jua kwa siku kadhaa, ukiligeuza ndani nje. Naftalini haiyeyuki vizuri kwenye maji, ila huondoka kwa hewa. Ndiyo maana upepo hutangulia maji.

2. Kagua mifuko yote. Ukikuta vidonge vyeupe, vifunge kwenye mfuko na uvitupe mahali ambapo watoto hawafiki.

3. Fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Koti la sufu lisilofaa kwa maji ya moto, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kisha lifue kwa maji ya vuguvugu.

4. Anika juani kwenye kamba, usianike kwenye majani. Wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu.

5. Piga pasi ya moto, na usiruke mishono.

6. Linuse tena. Kama bado linanuka naftalini, rudia kulianika, na kwa sasa lisitumike kwa mtoto wala kwenye chumba anacholala.

Kwa mtoto mchanga, njia iliyo salama zaidi ni kanga safi ya pamba na kofia, na ngozi yake iguse ngozi ya mama. Joto la kifua chako linamtosha kuliko koti lolote.

Lini ukimbilie hospitali

Mpeleke mtoto siku hiyohiyo ukiona macho au ngozi imekuwa ya njano, hasa ndani ya saa 24 za kwanza tangu azaliwe, au njano imefika viganjani na kwenye nyayo. Ishara nyingine ni kukataa kunyonya, kulegea, kulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, kupauka, au kukojoa mkojo wa rangi ya chai nzito. Usingoje kumwotesha jua la asubuhi. Jua hilo halitibu manjano makali. Hospitali kuna taa maalumu na, ikibidi, damu. Mweleze daktari kama mtoto alifunikwa nguo yenye harufu ya naftalini, kwani habari hiyo humsaidia kujua chanzo.

Mtoto mkubwa akimeza kidonge cha naftalini akidhani ni pipi, usimtapishe na usimpe maziwa. Wengi wetu tumefundishwa kuwa maziwa huua sumu, lakini mafuta yaliyomo huisaidia naftalini kuingia mwilini haraka zaidi. Mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa siku moja hadi tatu.

Na kama familia yenu imewahi kuwa na mtoto aliyepata manjano makali au kuishiwa damu ghafla baada ya kunywa dawa fulani, mwambie mhudumu wa kliniki mapema, kabla hujajifungua. Kisha fungua kabati lako mwenyewe. Huenda harufu hiyo imo humo tayari, kwenye nguo ulizomwekea mtoto anayekuja.