Kabla ya Kuteremka Mombo, Likague Gurudumu la Mbele

NDUGU msomaji, atokaye Lushoto kwenda Mombo huiacha baridi ya mlimani, akapita Soni penye maporomoko, kisha akafuata kona baada ya kona mpaka kwenye joto la tambarare. Safari hiyo ni ya kilomita 33 hivi, na mteremko wake ni wa karibu mita 1,000. Mwenye pikipiki kuukuu, aliyempakia mkewe na mtoto au tenga la kabichi, huwa ameikabidhi roho yake kwa vitu viwili: beringi za gurudumu la mbele na breki yake.

Ushikapo breki, uzito huelemea mbele. Hivyo gurudumu la mbele ndilo lenye kazi kubwa ya kusimamisha. Pikipiki nyingi za zamani zina breki za ngoma. Zile za diski zilianza kuenea baada ya Honda kutoa CB750 mwaka 1969. Diski hupoa upesi kwa kuwa iko wazi kwenye upepo, lakini husukumwa kwa mafuta, na mafuta hayo yana hila yake.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya aina ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Sentigredi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Dereva anayeng'ang'ania breki tangu juu hadi chini huipasha diski moto mpaka mafuta yakachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, ila mvuke hubonyea. Mkono wa breki utagusa usukani, na pikipiki haitasimama.

KUKAGUA BERINGI

Weka kasha imara chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza kwenye ekseli, au ukilizungusha likakwaruza na kuvuma, beringi zimekwisha. Hakikisha kwamba kinachocheza si beringi za usukani.

Fungua kalipa na uifunge kwa kamba kwenye foku. Usiiache ining'inie kwa mpira wake. Chomeka kipande cha ubao kati ya pedi, na mtu asiguse mkono wa breki, maana pistoni zitatoka. Chomoa ekseli, ng'oa sili, na kama kuna pete ya kuzuia beringi, itoe kwanza. Sukuma kando kidogo bomba lililo kati ya beringi mbili, kisha gonga beringi ya upande wa pili kutoka ndani, ukizunguka taratibu.

Namba ya beringi imechorwa ubavuni mwake. Nunua yenye namba ileile. Unapoingiza mpya, gonga pete ya nje tu, kwa soketi yenye upana wake. Ukigonga pete ya ndani, umeiharibu kabla haijatembea hata hatua moja. Baada ya beringi ya kwanza, rudisha lile bomba la kati, ndipo uweke ya pili. Wako wanaolisahau! Ekseli ikikazwa bila bomba hilo, beringi hubanwa zikafa upesi. Paka grisi kwenye midomo ya sili mpya, lakini hata tone lisiiguse diski.

BREKI

Unene wa mwisho unaoruhusiwa wa diski kwa kawaida umechorwa juu yake kwa milimita. Iliyopungua hapo haina budi kubadilishwa. Pedi zilizoloa mafuta au grisi nazo zitupwe, sabuni haiziponyi.

Mafuta yakiwa ya rangi ya kahawia, yabadilishe yote. Tumia chupa mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Mafuta ya injini ni mwiko, kwani huvimbisha mipira. Kutoa hewa kwataka watu wawili: mmoja abane mkono wa breki na kuushikilia, mwingine afungue skrubu ya kalipa na kuifunga kabla mkono haujaachiwa. Rudieni mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta tangini. Yakidondokea rangi ya pikipiki, osha mara moja kwa maji, kwani huila.

Ukishakaza kila nati, bana mkono wa breki mara kadhaa hadi uwe mgumu, kisha jaribu mahali tambarare, mwendo mdogo, bila abiria. Usipojiamini, mpelekee fundi, lakini simama umtazame.

Na siku ya kuteremka, tumia gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Iache injini ishike mzigo, breki ipumzike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwenye kona zile za Soni, ndugu msomaji, huenda usipate nafasi ya kuujenga.