Maji ya Ndani ya Batri

Nani kwetu hajatoa mawe mu redio na kuyaanika juani, apate paka kusikia habari za mangaribi? Redio inalia kidogo, kisha kimya. Watoto wanauliza, nguvu imeenda wapi? Baba anajibu, "Imeisha."

Tufungue jiwe hilo kwa mawazo tu, si kwa kisu. Ganda lake ni zinki. Ndani mna unga mweusi wa manganezi, na katikati yao maji mazito yenye chumvi. Mfaransa Georges Leclanché alipata ufundi huo mwaka 1866. Vitu vyenyewe si vigeni kwetu: mgodi wa Kipushi, wenye zinki, ulianza mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukatoa tena mwaka 2024. Manganezi iko Kisenge, kule Lualaba.

Leo wataalamu wanataka batri ya zinki na manganezi inayojazwa umeme mara elfu nyingi, ili itunze nguvu ya jua mpaka usiku. Maji yake hayashiki moto, na vitu vyake haviko vya bei kali. Lakini kuna shida moja, nayo iko ku upande wa manganezi, unaoitwa katodi. (Wale wanaotumika ku usine wasichanganyikiwe: kwao katodi ni bamba linaloshikwa na shaba. Hapa ni upande unaopokea wakati batri inatoa nguvu.)

Kumbe maisha ya katodi yanategemea sana yale maji ya katikati, elektroliti. Ukitia potasi kali, manganezi inageuka kitu kisichorudi tena vile kilivyokuwa, na zinki inaota miiba. Mwaka 1986 Wajapani Yamamoto na Shoji walitumia maji ya sulfati ya zinki, chumvi ileile iliyojulikana sana ku kiwanda cha zinki cha Kolwezi. Hayo ni maji ya asidi kidogo tu. Sasa zinki iliweza kwenda na kurudi. Lakini kila safari manganezi kidogo iliyeyuka ikapotea ndani ya maji, na katodi ikakonda.

Mwaka 2016, kule Marekani, Jun Liu na wenzake waliongeza kitu kidogo sana: sulfati ya manganezi, sehemu moja kwa sehemu 20 za zinki. Basi! Batri ilijazwa na kumalizwa mara 5000, ikabaki na 92 kwa mia ya uwezo wake. Katodi haikubadilishwa, yalibadilishwa maji.

Kwa nini? Mama yeyote anajua. Tia chumvi mu maji matupu, inayeyuka upesi. Endelea kutia, na mwisho maji yanakataa, chumvi inakaa chini. Vivyo hivyo maji yenye manganezi tayari hayana haraka ya kuila ile ya katodi.

Hata hivyo tusipige vigelegele mapema. Ile manganezi ya maji inaweza pia kuganda ku katodi wakati wa kujaza umeme, ikaongeza uzito wake, na hesabu ikaonekana nzuri kuliko ukweli. Tena, kujaza na kumaliza upesi-upesi mu laboratware si sawa na kutoa nguvu polepole usiku mzima. Mwendo wa polepole njo unaochosha katodi zaidi. Kuna chumvi nyingine, triflati ya zinki, ambayo katodi nyingi zinaipenda kuliko sulfati, lakini bei yake ni kali mno. Kwa nyumba ya mchimbaji, naona sulfati njo yenye matumaini.

Na yale mawe ya redio? Jua linayapasha moto tu, na mabaki ya nguvu yanatoka kidogo. Vijana, msijaribu kuyajaza umeme. Hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Yanaweza kuvuja au kupasuka, na maji yake yanachoma ngozi na macho.