Tujiandae Kabla Mgonjwa Hajazidiwa

Alfajiri moja ya masika tulimpokea mama mjamzito katika zahanati yetu. Wanaume wanne walikuwa wamembeba juu ya kitanda kwa kilomita 12. Uchungu ulimwanza tangu asubuhi ya jana yake. Mama tulimwokoa, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa. Nilipouliza sababu ya kuchelewa, niliambiwa: pikipiki ilikuwapo kijijini, ila haikuwa na mafuta.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa 2. Mtoto mwenye malaria kali naye hangojei. Kwa hiyo kila kijiji kiwe na vitu viwili: tela la kumfikisha mgonjwa barabarani, na akiba ya mafuta ya chombo kitakachompeleka mbele.

TELA LA BAISKELI

Tafuteni magurudumu mawili ya baiskeli yaliyo mazima, mabomba ya chuma na fundi wa kuchomelea. Fremu iwe na urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60 hivi, ili mtu mzima aweze kulala. Kila gurudumu lishikwe pande zote mbili. Likishikwa upande mmoja tu, ekseli yake itapinda. Juu wekeni machela ya mbao na turubai, yenye mikanda ya kumzuia mgonjwa asianguke.

Mkono wa tela ufungwe chini ya kiti cha baiskeli kwa kiungo kinachogeuka pande zote. Uzito uelemee mbele kidogo, usije ukainua gurudumu la nyuma la baiskeli.

Kabla ya kumbeba mtu, jaribuni kwa gunia la mchanga la kilo 70. Kwenye mteremko, mwendeshaji ashuke, na mwenzake ashike kamba nyuma ya tela. Msilifunge kwenye pikipiki, kwani magurudumu haya hayahimili mwendo huo. Mama mjamzito alazwe kwa ubavu, wala si chali.

AKIBA YA MAFUTA

Baada ya tukio lile, kijana mmoja aliweka petroli katika chupa ya soda chini ya kitanda chake. Nia ilikuwa njema, lakini mahali palikuwa pa hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukute jiko au kibatari, na nyumba nzima ikawaka.

Fanyeni hivi:

1. Tumieni dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, lenye kifuniko cha kukaza. Lita 5 au 10 zinatosha. Msilijaze pomoni.

2. Liwekeni katika kibanda cha peke yake, mbali na nyumba na moto, chenye kivuli, matundu ya hewa na kufuli.

3. Andikeni juu yake: PETROLI – HATARI. Msichanganye petroli na mafuta ya taa, maana taa inaweza kulipuka.

4. Petroli huharibika ikikaa. Kila baada ya miezi 3 itumieni, kisha wekeni mpya. Mtunza ufunguo aandike daftarini kila lita inayotoka.

5. Msinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiwaka, zimeni kwa mchanga, si kwa maji.

MTOTO AKINYWA MAFUTA

Usimtapishe! Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha mkimbize kituo cha afya hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua haraka ni dalili mbaya.

Ndugu zangu, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walichimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Tela na dumu la mafuta si kazi kubwa kuliko ile.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mgonjwa akizidiwa usiku wa leo, kijiji chetu kitambeba kwa nini?

2. Ni nani atatunza ufunguo wa mafuta, na asipokuwapo tutampata nani?

3. Je, nyumbani kwako kuna mafuta ndani ya chupa ya soda?