Kurudia kwa telefone ya kubonyeza: mambo yaliyotusumbua

Mwezi wa 10, mvua ikiwa karibu, telefone ya Android ya ekipe yetu ilianguka ndani ya kisima cha bustani, hapa Katuba. Kusema kweli hatukulia sana. Ile telefone ilikuwa inakula batri, kila jioni inataka kurant, na kurant ya Katuba kila mutu anaijua: inakuja saa inapenda. Basi tukanunua ndogo ya kubonyeza, ile ya tochi. Tulifikiri walimaji wetu wengi wanatumika nayo kila siku, sisi pia tutaizoea kwa siku mbili. Haikuwa vile. Wakati wa kupanda mahindi ulifika, na walimaji wa koperative tatu walituandikia zaidi ya juma nzima bila kupata jibu.

Tunaeleza mambo haya kwa sababu wengi kati yenu munafanya safari ile ile. Kubwa imevunjika, ao imeibiwa, ao mega imekuwa ghali, na mutu anarudia kwa ndogo. Wengine walirudia tangu kodi ya RAM, kati ya 2020 na 2022, kwa sababu ya 2G ililipishwa kidogo kuliko ya 3G na 4G. Ndogo iko na faida yake. Batri inabaki siku nyingi, na ikianguka kwenye udongo unaipangusa tu. Lakini kuna vitu vinabaki nyuma, na ni vizuri kujua vitu gani mbele ya kuvitafuta.

Tuanze na feza, maana njo kitu cha kwanza watu wanatuuliza kwa woga. Feza haiko ndani ya telefone. Iko kwenye namba yako, kwa kampuni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, watu wengi wakiwa na telefone ndogo tu, na ilipofika Kongo mwaka 2012 ilikuwa vile vile. Kwa hiyo *1122# inafunguka kwenye ndogo kama kwenye kubwa. Kinachosumbua ni haraka. Ukichelewa kujibu, menyu inajikata. Mama mutunza-feza wa koperative moja alikuwa anatafuta miwani, kurudi anakuta imefunga. Hapo musirudilie kutuma! Muangalie kwanza feza iliyobaki, kwa sababu pengine ya kwanza ilipita. Na kwa kuwa ndogo inajaa mesaje haraka, namba ya kila malipo muiandike kwenye kaye siku ile ile, kisha mufute.

Majina ya watu ni shida ingine. Tulipoingiza kadi, tulikuta majina 14 tu, na tulikuwa na zaidi ya mia tatu. Android mara nyingi inaweka majina ndani ya konti ya intaneti, haiyaweki kwenye kadi SIM. Kadi yenyewe kwa kawaida inabeba majina kama 250, namba moja kwa kila jina, na jina refu inalikata. Sisi tulikuwa na «Mama Prezidante barabara ya Kasenga», «Mama Prezidante barabara ya Kipushi» na wengine wawili. Kwenye kadi wote wanne wakawa «Mama Prezidan». Tulipigia mmoja habari ya mbegu za mwenzake. Kama kubwa yako ingali inawaka, ingia kwenye orodha ya majina, tafuta pa kuyatuma kwenye kadi SIM, na mbele ya hapo fupisha: «Prez Kasenga», «Prez Kipushi». Na kaye, tena kaye. Kaye haianguki kisimani na majina yote.

Kadi nayo: ile ya Android imekatwa kadogo sana, na ndogo nyingi zinataka kadi kubwa. Muombe muuzaji wa yunite kile kipande cha plastiki cha kuizungusha. Usiiweke hivi hivi, itapotelea ndani.

Sasa WhatsApp, na hapa ndipo tuliwakosea watu. Tulidhani mutu akituandikia, ataona kwamba hatupatikani. Haoni. Anaona alama moja tu kando ya mesaje, na anangoja. Mulimaji mmoja wa barabara ya Kasenga alituma foto za majani ya mahindi yaliyotobolewa. Alipotupata kwa sauti alisema: «Agronome, nilituma foto tangu juma ingine, juu ya nini hamujibu? Ao shamba yangu ni kadogo?» Hatukuwa na cha kujibu. Mutu akibadilisha telefone, aandike kwanza kwenye grupe: kuanzia kesho munipigie ao mutume SMS. Konti isiyotumiwa siku 120, kwa kawaida WhatsApp inaifuta. Na mujue kwamba kodi ya kufungua konti inakuja kwa SMS, hata kwenye ndogo. Mutu akikupigia na kuomba ile kodi, ni mwizi, hata akikuita kwa jina.

SMS moja inabeba herufi 160. Hii ilitufundisha kitu. Tulipoandika kwa Kifaransa, herufi kama ê, ô ao ç zilishusha kipimo mpaka 70, na mesaje moja ililipiwa kama mbili ao tatu. Kiswahili hakina hizo herufi. «Musipande bado. Mungoje mvua nzuri mbili, udongo ulowane mpaka kiganja kimoja chini.» Inaingia yote, na nafasi inabaki.

Lakini kuna bamama wasiosoma. Zamani walitutumia sauti, na sisi tukajibu kwa sauti. Kwao SMS ni mlango uliofungwa, na mutoto akienda masomo hakuna wa kuwasomea. Hatukupata dawa nyingine ila kupiga. Sasa kila siku ya 2 na ya 5 jioni wanatubip, na sisi tunawarudilia.

Foto njo kitu tunakosa zaidi. Yule kiwavi aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na sasa anakula mahindi yetu, kwa foto tunamtambua mara moja. Kwa sauti tunauliza: kwenye kichwa kuna alama kama herufi Y iliyopinduliwa? Karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza? Katika mimea 20 uliyopita, mingapi imetobolewa kwenye moyo? Mwenye kujibu hayo matatu ametusaidia sana, hata kuliko foto mbaya iliyopigwa jioni. Akiwa ni yeye na angali mudogo, tunasema muponde kwa vidole asubuhi, ao mutie majivu ndani ya moyo wa muhindi.

Mwezi wa 12 mulimaji yule wa barabara ya Kasenga hakuona Y wala madoa. Alimpa mubeba-makala wa kinga chupa ya maji, na kiwavi ndani yake na kipande cha bua. Ilifika Katuba jioni. Hakuwa yule wa Y, alikuwa yule anayeishi ndani ya bua, na majivu hayamfikii. Tulimpigia usiku ule ule: ang'oe mahindi yaliyokauka moyo, ayaharibu, na kisha ya mavuno asiache mabua yamesimama shambani. Akauliza kama anaweza kurudishiwa chupa.